Gari la marehemu baba na injini isiyotulia

Mwenye kuifahamu Magomeni, kuanzia Mapipa hadi Mwembechai na kuingia ndani kwenye vichochoro vya Mzimuni, anafahamu pia kwamba ni vigumu kupita mitaa mitatu bila kukuta gari lililoinuliwa juu ya mawe, boneti likiwa wazi na miguu miwili ya mtu ikichungulia chini yake. Gereji hizi huitwa gereji bubu, kwa maana kwamba hazina bango wala leseni. Jina hilo halikuzipata. Hakuna kilicho mbali na ububu kama gereji ya uchochoroni saa tano asubuhi: nyundo, redio, injini inayokanyagwa mafuta mpaka mwisho, na watu wanane wanaotoa ushauri kwa wakati mmoja.

Kwa muda wa miezi saba gari letu lilikuwa miongoni mwa magari hayo. Ni Toyota Corolla, ile ambayo watu wa Dar es Salaam huiita 110 kwa namba ya umbo lake, AE110. Aliliacha marehemu baba yetu, Allah amrehemu, pamoja na nyumba na madeni machache ambayo tuliyalipa kabla ya kuzungumzia jambo jingine lolote. Warithi tulikuwa wanne: mama yetu mwenye thumuni yake, na sisi watoto watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Nyumba haikuwa na tatizo, kwani sote tuliridhia mama aishi humo. Gari ndilo lililokuwa na mjadala. Baba mdogo, msimamizi wa mirathi, aliona liuzwe na kila mmoja apewe haki yake. Sisi tulimwomba libaki, kwa sababu mama ana kliniki Muhimbili kila Jumanne na miguu yake haiwezi tena kusimama kwenye foleni ya mwendokasi. Bajaji ya kwenda na kurudi, kila wiki, mwaka mzima, si fedha ndogo kwa nyumba yetu.

Akakubali, kwa sharti kwamba gari litembee. Nalo lilikuwa halitembei. Katika miezi ya mwisho ya ugonjwa wa baba, mtu aliyeazimwa aliliendesha likichemsha kutoka Kibaha mpaka Ubungo, na bloku ya injini ikapasuka. Injini ile ilikuwa 5A-FE, ya ujazo wa sentimita 1,498, ya kawaida kabisa, yenye nguvu ya farasi 100 hivi. Tulizunguka maduka ya spea ya Gerezani na Ilala kutafuta nyingine kama hiyo. Tulizozipata zilikuwa ama zimechoka, ama zimepandishwa bei, kwani kila mwenye 110 anaitafuta hiyo hiyo. Pembeni ya duka moja palikuwa na injini nyingine ya ukoo huo huo wa A, ambayo muuzaji alikuwa ameichoka kuiona: 4A-GE ya kifuniko cheusi, ya vali 20, pamoja na giaboksi yake ya gia sita na kompyuta yake. Wanunuzi wa mjini wanapenda gari la otomatiki, na mafundi wengi huikimbia injini hii. Kwa hiyo bei yake ilikuwa imeshuka ikakaribia ile ya 5A iliyochoka.

Mdogo wetu, aliyesoma ufundi wa umeme VETA Chang'ombe, aliitazama kama mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni. Alitueleza kwamba Toyota iliitoa mwaka 1995, kwamba kila silinda ina vali tatu za kuingiza na mbili za kutoa, kwamba ujazo wake ni sentimita 1,587 tu lakini hutoa nguvu ya farasi 165, na kwamba huingia katika boneti la 110 bila kuchomelea chuma kingi, kwa kuwa dugu zake AE111 zilitoka kiwandani zikiwa nayo. Tukajadiliana siku mbili, tukachanga, tukainunua. Si jambo geni katika mji huu. Wakubwa wetu walipanda chai maharage, magari ya mizigo yaliyofungwa mabenchi yakawa usafiri wa abiria, na Land Rover ngapi zinatembea nchini zikiwa na moyo wa gari jingine? Gari kwetu ni kitu cha kuendelezwa.

Injini ikafungwa katika gereji moja ambayo hatutaitaja. Ikawaka. Ikawa inawaka tu.

Tunaomba msomaji avumilie tukieleza lilivyokuwa, maana ugonjwa usioelezwa vizuri hautibiki. Likiwa limesimama, mguu ukiwa umetolewa kwenye mafuta, mngurumo ulipanda na kushuka kama mtu anayehema: mizunguko 800 kwa dakika, kisha 1,800, kisha 800 tena, bila kikomo. Nyuma lilitoa moshi mweusi uliochafua ukuta wa jirani. Likipanda kilima cha Kimara liligonga ndani, mlio mkavu kama wa njuga katika kopo. Na mara nyingine, hasa baada ya mvua, lilikosa mlipo mmoja kati ya minne likatetemeka mwili mzima. Mafuta ya shilingi elfu ishirini yaliisha kabla ya kufika mbali.

Fundi aliyelifunga alifanya alichozoea. Katika alasiri moja alibadilisha plagi, akazungusha distributa kwa kusikiliza sikio, akafungua na kufunga skrubu ya hewa, akachomoa nyaya mbili akaziunganisha kwingine, kisha akatangaza hukumu: ringi za pistoni zimekwisha, injini imekufa, nunueni nyingine. Hatumlaumu kwa ubaya. Mteja wa Dar es Salaam humsimamia fundi kichwani akimwambia gari liwake leo, na fundi anayesema "niachie siku tatu nipime" hupoteza kazi kwa anayesema "nipe saa moja". Lakini mtu akibadilisha mambo manne kwa pamoja, hata gari likipona hatajua ni lipi lililoliponya. Lisipopona, hatajua pia ni lipi alilolizidisha.

Habari ilimfikia baba mdogo. Alikuja baada ya sala ya Isha, katikati ya Shaabani ya mwaka 1445, akakaa barazani, akakataa chai. "Wanangu," alisema, "baba yenu aliacha gari, hakuacha gereji. Kuna mtu wa vyuma chakavu ameshalitazama." Mdogo wetu aliinamisha macho, kwani yeye ndiye aliyeisemea injini ile kuliko sote, na sasa iliyokuwa mezani ni mali ya mama. Mama ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni: "Shemeji, wape watoto mpaka Idi. Likiwa bado linahema hivi, nami nitasema liuzwe." Tukawa na wiki zisizozidi saba, sehemu kubwa yake katika mfungo.

Tuliliburuta gari mpaka uani kwetu. Tulinunua daftari la kurasa 96 dukani, tukaandika juu yake tarehe na sharti moja: kitu kimoja kwa siku, kisha liendeshwe, kisha iandikwe. Kaka mkubwa aliendesha. Mdogo akashika spana. Dada akakaa kiti cha pembeni na kalamu, naye ndiye aliyekuwa mkali kuliko sote juu ya sharti hilo.

La kwanza lilikuwa kuipima hukumu yenyewe. Ikiwa ringi zimekwisha kweli, yote mengine ni kupoteza muda. Tuliazima saa ya kupimia mgandamizo wa silinda. Unachomoa plagi zote nne, unakata umeme wa cheche na wa mafuta, unafungua milango ya hewa mpaka mwisho, kisha unapiga stata huku saa ikiwa imefungwa katika tundu la plagi. Silinda ya kwanza ilisoma 185, ya pili 180, ya tatu 185, ya nne 185. Katika kipimo hiki kinachotazamwa zaidi si ukubwa wa namba pekee, bali kulingana kwake, kwa sababu ringi hazifi zote nne kwa uaminifu siku moja. Injini haikuwa maiti. Mdogo wetu alikaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa akanyamaza kwa muda mrefu.

Plagi nazo zilitupa habari. Zilikuwa mpya, lakini zilishapakwa masizi makavu meusi, kama sufuria iliyopikiwa kuni. Mafuta ya injini yakipita kwenye ringi huacha weusi wenye unyevu na utelezi. Masizi makavu ni ya petroli nyingi isiyopata hewa ya kutosha. Basi swali likabadilika: kwa nini kompyuta ya injini, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, ilikuwa inamwaga petroli?

Magari ya Toyota ya zama zile yana namna ya kusema yenyewe. Chini ya boneti kuna kiboksi kidogo chenye matundu, kila moja limeandikwa jina. Ukiunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya na kufungua swichi bila kuwasha, taa ya cheki injini hupepesa kwa hesabu. Kwetu ilipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mara nne. Ishirini na nne: sensa ya joto la hewa inayoingia haisikiki. Tulifuata waya tukaukuta umening'inia nyuma ya betri, haukuunganishwa na kitu. Kompyuta isiposikia sensa hiyo hukisia kwamba hewa ina nyuzi 20, kana kwamba gari limelala Lushoto. Hewa baridi ni nzito, inastahili petroli zaidi, nayo ikawa inaongeza petroli katika joto la Magomeni. Tuliunganisha, tukaendesha, tukaandika: moshi umepungua kidogo. Kidogo tu.

Baada ya hapo taa haikupepesa kosa lolote, na hapa ndipo wengi hupotea. Taa hiyo husema tu pale sensa inapokatika au kutoa habari isiyowezekana. Sensa ikitoa habari inayowezekana, kompyuta huiamini, hata kama habari hiyo imesababishwa na ujinga wa mtu.

Siku ya tatu ya mfungo, baada ya Alfajiri, barabara ya Morogoro ikiwa tupu, dada aliona jambo ambalo sisi wengine tulikuwa tunalitazama kila siku. Mshale wa joto la maji, uliokuwa katikati tulipokuwa tumesimama uani, ulishuka chini ya robo tulipofika Ubungo na kuendelea kushuka kadiri tulivyokimbia. Tuliposimama kwenye taa ukaanza kupanda tena. Injini nzima haikuwa na kitu cha kuizuia kupoa. Tulirudi, tukafungua nyumba ya themostati. Ilikuwa tupu.

Hili la themostati linahitaji maneno zaidi, kwa sababu limeenea mjini kama desturi. Themostati ni mlango mdogo unaojifungua wenyewe maji yanapofikia nyuzi 82 hivi. Kabla ya hapo huzuia maji yasipite rejeta ili injini ipate joto haraka, na baadaye hulinda joto hilo lisishuke. Fundi wetu wa mjini husema nchi hii ni ya joto, kifaa hicho ni cha wazungu wa kwenye theluji, kisha anakitoa na kukitupa. Na kweli, themostati mbovu iliyokwama ikiwa imefungwa huchemsha gari, kwa hiyo anayeitoa huona gari limepona, na dawa hiyo humpa kila mgonjwa. Lakini injini haijui kama iko Magomeni. Ikiwa maji hayafiki joto lake, sensa huiambia kompyuta kwamba injini bado ndiyo kwanza imeamka, nayo huizidishia petroli kama mzazi anayemlisha uji mtoto aliyekwisha kula. Petroli ya ziada huosha mafuta kwenye kuta za silinda, na hapo sasa ringi huanza kufa kweli. Kwa maneno mengine, ugonjwa tuliotangaziwa ulikuwa njiani kuja, umeletwa na dawa.

Ili tusimwonee mtu, tuliipima na sensa yenyewe. Tuliichomoa, tukaitia katika sufuria ya mama, na mita ya umeme ikawa imeshikwa juu yake. Katika joto la uani ilisoma karibu omu 1,700. Maji yalipopata moto wa nyuzi 80 hivi ikashuka mpaka karibu omu 300, ndivyo inavyotakiwa. Ilikuwa inasema kweli wakati wote. Mama aliipokea sufuria yake akaisugua mara tatu, na hajaitumia kwa chai mpaka leo.

Themostati mpya tuliipata Gerezani kwa bei ya chakula cha familia cha siku moja, tukaifunga, tukajaza maji ya rejeta yaliyochanganywa na dawa yake ya kuzuia kutu badala ya maji ya bomba. Mshale ukakaa katikati na haukuondoka, Ubungo wala Mbezi. Plagi tulizozisafisha zikarudi na rangi ya kahawia hafifu, kama maandazi yaliyoiva vizuri. Moshi ukaisha. Jirani akapaka ukuta wake chokaa upya, na sisi tukanunua chokaa.

Kuhema kukabaki.

Injini hii ina tofauti ambayo ndiyo fahari yake na ndiyo taabu yake. Injini za kawaida zina mlango mmoja wa hewa kwa silinda zote. Hii ina vilango vinne, kila silinda na chake, na kutoka katika kila koo hutoka kijimpira chembamba. Mipira hiyo hukutana katika kichumba kimoja, na hapo sensa husoma ombwe ili kompyuta ijue injini inavuta hewa kiasi gani. Mpira ukipasuka, hewa ya wizi huingia ambayo hakuna aliyeiruhusu. Mizunguko hupanda. Kompyuta, ikiona mizunguko imepanda hali mguu hauko kwenye mafuta, hudhani dereva anateremka mlima, hukata petroli. Mizunguko huanguka, petroli hurudishwa, hewa ya wizi huipandisha tena. Ndiko kuhema kwenyewe.

Tulisikia watu wakinyunyizia petroli kwenye mipira ili kuona pale injini inapobadilika. Tunawaomba vijana wasifanye hivyo juu ya injini ya moto. Sisi tulitumia koleo iliyofungwa kitambaa, tukabana mpira mmoja mmoja injini ikiwa inanguruma. Wa tatu ulipobanwa, kuhema kulikatika ghafla kama mtoto aliyebembelezwa. Chini yake, mahali usipoweza kuona ila kwa kioo, palikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Mipira ya miaka zaidi ya ishirini hupasuka. Tulibadilisha yote, ingawa dada alinung'unika kwamba sharti ni kitu kimoja, nasi tukamshawishi kwamba mipira ya jamii moja ni kitu kimoja.

Kisha tukavilinganisha vilango vinne. Kipimo chake maalumu hatukuwa nacho, lakini wazee wa kabureta walifanya kazi hii kwa kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, nyingine kwenye koo la hewa, unasikiliza mvumo. Kaka alisikia mvumo minne iliyofanana. Mdogo akasikia hivyo hivyo. Dada, ambaye husomesha watoto Qur'ani jioni na amezoea kubaini herufi moja iliyokosewa kati ya sauti thelathini, alisikiliza mara moja akasema wa pili unavuta kidogo kuliko wenzake. Skrubu ikazungushwa robo. Injini ikatulia kwenye mizunguko 850, na sarafu ya shilingi mia tuliyoisimamisha kwa ubavu juu ya kifuniko chake ilikaa muda wa kuhesabu mpaka kumi na tisa kabla ya kuanguka. Hicho si kipimo cha kitaalamu, lakini watoto wa mtaa wote walitaka kukirudia.

Kugonga kwenye kilima tulikushughulikia katikati ya Ramadhani. Hapo kila mtu alikuwa na jibu moja: mafuta machafu. Hofu hiyo ina historia. Kulikuwa na wakati petroli nchini ilichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu ya tofauti ya bei, mpaka EWURA ikaanza mwaka 2010 kutia vinasaba katika mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa. Injini yetu, inayoubana mchanganyiko mara 11, haina subira na petroli dhaifu, kwani ilitungwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani. Kwa hiyo tuliijaribu dhana hiyo kwa heshima: tukamaliza tangi, tukajaza kituo kingine, tukapanda Kimara. Njuga zilikuwepo. Tukajaza kituo cha tatu. Zilikuwepo vile vile, kilima kile kile, gia ile ile. Uchafu wa vituo vitatu tofauti hauwezi kuwa na sauti moja.

Tukaazima taa ya taimingi. Cheche haitakiwi kuruka pistoni ikiwa juu kabisa, bali kidogo kabla, ili moto upate muda wa kuenea. Kompyuta huuongeza au kuupunguza muda huo yenyewe kila wakati, hivyo ukipima injini ikiwa katika hali hiyo unapima kitu kinachotembea. Ni lazima kwanza uunganishe tena TE1 na E1, injini ikiwa imepata joto, ili kompyuta iache kuingilia kati. Hapo alama ya puli inatakiwa kusoma digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Yetu ilisoma 18. Na sababu ilikuwa sikio: injini ambayo cheche yake imewahishwa hunguruma vitamu zaidi ikiwa imesimama, na fundi aliizungusha distributa akiufuata utamu huo. Uani ilikuwa inaimba. Kilimani, ikiwa na mzigo, moto uliwaka mapema mno, mgandamizo ukaipiga pistoni ingali inapanda. Kugonga huko kukiendelea hutoboa pistoni. Tuliirudisha kwenye 10, tukakaza boliti. Mama alisema injini sasa imekuwa na sauti ya kawaida, na alisema hivyo kama sifa.

Ikabaki ile ya kukosa mlipo mvua inaponyesha, na masika ya mwaka 2024 hayakutunyima mvua ya kujaribia. Zilikuwa siku ambazo Jangwani ilijaa maji, na kwenda mjini kukawa jambo la kupanga. Usiku mmoja baada ya tarawehe tulizima taa zote za uani, tukawasha injini, na mdogo wetu akanyunyiza ukungu wa maji kwa chupa ya kupulizia nguo zinazopigwa pasi. Gizani tukaona nyuzi za buluu zikitambaa juu ya kofia ya distributa kama mizizi. Kofia ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na cheche ilipopata unyevu ilipita njia fupi ya kwenda kwenye chuma badala ya kwenda kwenye plagi. Mwanga wa mchana usingetuonyesha kamwe. Kofia na nyaya mpya za plagi ndiyo spea ghali kuliko zote tulizonunua, na hesabu yote ya daftari, pamoja na chokaa ya jirani, haikufika hata robo ya bei ya injini tuliyoambiwa tuinunue.

Siku ya pili ya Idi baba mdogo alikuja na familia yake. Hakuuliza chochote. Aliingia kiti cha mbele, akafunga mkanda, akasema, "Twende Kimara." Kaka aliendesha. Kwenye kilima baba mdogo alizima redio akasikiliza mpaka juu, kisha akasema turudi kupitia Mbezi, ambayo si njia ya kurudia. Yule mtu wa vyuma chakavu alipigiwa simu jioni ile. Thamani ya gari ikaandikwa kwa makubaliano, na mama akalichukua kuwa sehemu ya fungu lake, tofauti akiilipa kwetu kidogo kidogo kwa namna tuliyoridhiana. Namba ya injini iliyomo katika kadi ya gari ikabadilishwa baada ya ukaguzi, maana injini isiyolingana na kadi ni mzozo uliowekwa akiba.

Sasa kila Jumanne gari linatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, linapita Jangwani na Fire, linafika Muhimbili kabla foleni ya kadi haijawa ndefu. Mizunguko yake inaweza kufika 7,800. Mama haijui habari hiyo, na kaka ameapa kwamba hajawahi kuizidisha 3,000 akiwa naye. Kasoro moja imebaki katika daftari, ukurasa wa 41: kiyoyozi kikiwashwa, mngurumo hushuka mpaka 600 na taa za mbele hufifia, jambo linaloashiria kwamba ile vali ndogo ya kuongeza hewa haipokei umeme wakati kompresa inapoingia kazini. Mdogo wetu anaufuatilia waya wake. Mama anasema asisumbuke, kwani tangu azaliwe hajapenda upepo wa mashine, na madirisha yanafunguka.